UGOMVI KANDO YA KITANDA CHA MGONJWA



Mara nyingi ukurasa huu hunena juu ya mshahara, saa za kazi na likizo. Leo twayaacha hayo kidogo. Twataka kunena juu ya jambo lisilochagua kazi ya mtu. Ukiwa mkata miwa wa Awendo, mvuvi wa Mbita, mchimba dhahabu wa Macalder, dereva wa lori katika njia ya Isebania, mwalimu wa Ndhiwa au karani wa duka la Oyugis, iko siku utasimama mlangoni pa wodi. Mgonjwa wako amelala. Hujui anatibiwa ugonjwa gani, hujui utadaiwa shilingi ngapi, wala hujui umwulize nani.

Siku hiyo ndiyo ugomvi huzaliwa.

Twaeni mfano. Hiki si kisa cha mtu mmoja, bali ni mambo ambayo wengi wenu mmeyaona, nasi tumeyaweka pamoja. Mzee ameanguka shambani. Wanawe wamleta kwa pikipiki mpaka zahanati. Zahanati yawatuma hospitali ndogo, na hospitali ndogo yawatuma hospitali kuu ya kaunti. Wafika usiku. Nesi wa zamu ana wodi nzima peke yake. Mwana mkubwa auliza, "Sista, baba ana nini?" Ajibiwa, "Ngoja daktari." Daktari afika asubuhi, aandika katika faili kwa Kiingereza, atoa karatasi ya dawa za kununuliwa nje, aenda zake wodi ya pili. Jioni mzee azidiwa. Mmoja wa jamaa apaaza sauti, "Mmemwacha baba yetu afe!" Nesi, ambaye hajala tangu asubuhi, ajibu neno asilopaswa kulijibu. Askari wa mlangoni aitwa. Kesho yake kijijini husemwa kwamba hospitali ile ni ya kuua watu, na hospitalini husemwa kwamba watu wa kijiji kile ni wakali. Mzee mwenyewe, ambaye ndiye mwenye shauri, hakuna aliyemwuliza kitu. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi.

Ndugu, sisi watu wa chama tuna ujuzi mmoja ambao tumeupata kwa taabu. Twajua kwamba mfanyakazi mmoja akimkaripia msimamizi hufukuzwa kazi, lakini shauri lile lile likiandikwa, likapelekwa na mwakilishi kwa hatua zake, husikizwa. Ujuzi huu hatuna budi kuuchukua mpaka hospitalini. Neno letu la leo ni hili: shauri la mgonjwa lishughulikiwe kama shauri la kazi, na kila tawi liwe na mtu wa kusimama na jamaa ya mgonjwa.

HAKI YA KUAMBIWA

Kwanza mjue kwamba hamwombi sadaka. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yaendelea mbele zaidi. Yasema mgonjwa aambiwe hali yake, namna za matibabu zilizopo, faida yake, hatari yake na gharama yake, tena kwa lugha anayoifahamu kila inapowezekana. Basi mama wa Kehancha asielezwe kwa Kiingereza kitupu na kuambiwa atie kidole. Aelezwe kwa Kikuria au Kiswahili, na wa Karungu aelezwe kwa Dholuo. Sheria hiyo hiyo yasema mgonjwa asitibiwe bila kukubali, isipokuwa hajiwezi kusema na kuchelewa kwaweza kumletea kifo au madhara makubwa. Hata kukataa ni haki yake, nayo hospitali yaweza kumtaka aweke sahihi kwamba amekataa.

Wengine husema, "Sisi hatukusoma, tutamwulizaje daktari?" Kuuliza si ujinga. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ambayo ndiyo hospitali kubwa kuliko zote katika nchi yetu, wagonjwa wawili walibadilishwa, na mmoja akapasuliwa kichwa kwa ugonjwa uliokuwa wa mwenzake. Kosa halikujulikana mpaka kazi imekwisha kuendelea, walipotafuta damu iliyoganda wasiione. Kama jambo hili laweza kutokea penye wataalamu wengi namna ile, basi jamaa anayesoma jina lililofungwa mkononi mwa mgonjwa wake na kuuliza, "Daktari, mwapasua huyu kwa sababu gani?" hakumvunjia daktari heshima. Amemsaidia.

Lakini hapa kuna jambo la kuangalia, na katika kaunti zetu mbili jambo hili lina uzito. Haki ya kuambiwa ni ya mgonjwa kwanza. Si ya shemeji, si ya ami, wala si ya mwenye kulipa. Sheria ya UKIMWI ya 2006 yakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Homa Bay na Migori zimeumizwa na ugonjwa huo kuliko sehemu nyingi za Kenya, na kila ukoo una makaburi yake ya miaka ile ya 1990. Basi mara nyingi jamaa huona tabibu amenyamaza, macho yake yako chini, nao hudhani anaficha kosa. Huenda anaficha siri ya mgonjwa, kama sheria inavyomwamuru. Mke mzima ana haki ya kutosemewa kwa mumewe, na kijana aliyefika umri ana haki ya kutosemewa kwa baba yake. Dawa ya jambo hili si kumbana nesi. Dawa ni kumwendea mgonjwa kwa upole na kumwuliza, "Wataka nani ajue?" Akimtaja mtu, mtu huyo ndiye msemaji.

Tusisahau pia kwamba Homa Bay ilipata kuonyesha njia. Mwaka 2001, katika hospitali ya Homa Bay, shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa ghali mno kwa mtu wa mshahara. Dawa zile ni za kumezwa kila siku maisha yote, na mtu hawezi kufuata jambo asilolielewa. Mgonjwa aliyeelezwa sababu ya kila kidonge, na mwenye mtu nyumbani wa kumkumbusha, alisimama tena akarudi kazini. Maelezo nayo ni sehemu ya dawa.

DENI SI KOSA LA JINAI

Ugomvi wa pili ni wa pesa. Mgonjwa amepona, daktari amesema aende, lakini mlangoni askari ataka karatasi ya kutoka. Bili haijalipwa. Basi mtu mzima akaa kitandani kama mahabusu, na kila siku anayolala yaongezwa katika hesabu. Au mbaya zaidi, mgonjwa amefariki na maiti yazuiliwa mochari. Nyinyi mwajua maana yake kwetu. Mtu wetu huzikwa nyumbani kwake. Kumwacha mochari majuma na majuma ni kumwacha njiani, na jamaa hawalali. Huuza ng'ombe wa mwisho, huuza shamba, hukopa kwa riba ya kuua.

Mahakama zimekwisha kunena. Mwaka 1998, katika kesi iliyohusu hospitali ya Pandya, Mahakama Kuu ya Mombasa ilikataa maiti kuzuiliwa kama rehani ya deni. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua shauri la akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Alisema kuwazuia kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia. Deni ni deni, nalo lazima lilipwe, wala chama hakimfundishi mtu kukimbia deni. Lakini mwenye kudai ana njia zake: mapatano ya kulipa kidogo kidogo, au mahakama ya madai. Hana ruhusa ya kumfanya mdaiwa mfungwa, na hata sasa desturi hii haijaisha.

Hapa chama chapasa kuuliza swali lake lenyewe. Kwa nini mfanyakazi anayekatwa pesa kila mwezi akose kulipiwa? Bima ya zamani ya NHIF ilianzishwa kwa sheria ya 1966. Tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Mwenye sh. 20,000 hukatwa sh. 550. Asiye na mshahara hulipa si chini ya sh. 300 kwa mwezi. Pesa hizi ni zako. Lakini mwajiri akizikata na asizipeleke, wewe utajua siku ile uko dirishani na mgonjwa mgongoni, karani akikuambia, "Jina lako halisomi." Ugomvi utakaozuka pale utakuwa kati yako na karani, hali mwenye kosa ameketi katika ofisi yake na chai mbele yake.

Kwa hiyo twawaambia: msingoje kuugua. Kila mmoja atazame leo kama malipo yake yamefika, na kama majina ya mke, mume na watoto yameandikwa. Ukiona hayakufika, mletee mwakilishi wako karatasi ya mshahara inayoonyesha makato. Hilo ni shauri la kazi hasa, nalo twalijua.

Tena aliyeumia kazini asiuze kuku kwa ajili ya bili. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya 2007 yamtwika mwajiri gharama za kumpeleka hospitali na za matibabu yanayofaa. Kidole kilichokatwa na mashine si deni la jamaa. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa: si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Wengi hurudi shambani na mshono haujakauka kwa kutojua hili tu.

DHARURA HAINGOJI PESA

Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulansi muda wa saa 18, akizungushwa hospitali hii na hii, kitanda kikikosekana hapa na pesa zikitakiwa pale. Alifariki. Nchi nzima ilisikitika, na miaka miwili baadaye Sheria ya Afya ikaweka adhabu: hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikikataa, yaweza kutozwa faini mpaka shilingi milioni 3.

Basi ukimfikisha mtu anayevuja damu, au mama ambaye uchungu umekwama, nawe ukaambiwa, "Weka pesa kwanza," usitukane. Sema kwa sauti ya kawaida: "Hii ni dharura. Naomba jina lako na saa, niandike kwamba mmekataa." Mara nyingi kalamu hufungua mlango ambao ngumi haiufungui.

SISI NAO TUNA MAKOSA

Ndugu, gazeti la chama lisiloweza kuwaambia wanachama makosa yao halifai. Si kila ugomvi ulianzishwa na hospitali.

Kuna jamaa wanaomtorosha mgonjwa usiku kumpeleka kwa mganga, wakamrudisha amekwisha kuharibika, kisha wakawa wa kwanza kupiga kelele. Kuna wanaompa mgonjwa dawa ya mitishamba chini ya blanketi wasimwambie daktari, ingawa dawa mbili zikikutana tumboni zaweza kuua. Mficha uchi hazai. Kuna wanaoambiwa, "Leteni watu wa kutoa damu," wakatoweka wote, ukoo mzima. Na kuna wazee wanaoketi kikao mwituni kuamua kama mama apasuliwe au asipasuliwe, wakati mama mwenyewe ana akili zake na kinywa chake, na mtoto tumboni hangoji kikao.

Tena kuna imani zinazomkataza mtu hospitali. Aprili 2025, hapa hapa Migori, mahali pa Opapo katika Rongo, polisi waliingia katika boma la kanisa moja wakatoa watu 57, na ikajulikana kwamba watu wawili walikuwa wamekufa na kuzikwa humo humo. Watu wazima wana uhuru wa kuabudu, nasi hatuugusi uhuru huo. Lakini mtoto hakuchagua, na mgonjwa aliyezidiwa hawezi kuchagua. Jirani anayeona mtu anadhoofika ndani ya boma asilie kimya.

Serikali nayo isidhani kwamba nguvu ndiyo jibu. Mwaka 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha kumeza dawa walipelekwa gerezani. Machi 2016 Mahakama Kuu ilisema kufungwa kwao hakukuwa halali. Mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza yafaa atengwe penye matibabu, si penye wezi, ambako angewaambukiza wafungwa wengine. Ukimtaka mtu ameze dawa, mpe sababu, mpe chakula cha kumezea, na umsikilize kwa nini aliacha.

NESI NI MFANYAKAZI

Sasa twafika penye shina la jambo. Nani adui yetu pale wodini?

Agosti 2013, katika hospitali ya Bungoma, mama mmoja alijifungua sakafuni pasipo msaada, kisha akatendewa kwa ukali na manesi. Mtu alichukua picha, na Kenya nzima ikaona aibu. Shauri lilikwenda mahakamani, na Machi 2018 mama yule akapewa fidia ya shilingi milioni 2 na nusu. Lakini angalieni vema uamuzi ule. Mahakama haikuishia kwa manesi. Ilisema pia kwamba serikali ya taifa na ya kaunti zilishindwa kuweka na kusimamia mipango ya afya inayotakiwa. Yaani mkono uliomtendea vibaya ulikuwa wa nesi, lakini vitanda vilivyopungua na dawa zilizokosekana havikuwa vya nesi.

Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti. Pesa za dawa, za mishahara na za kuajiri watu hupitia kwa gavana na baraza la kaunti. Nesi hana ufunguo wa sanduku hilo. Yeye huambiwa, "Fanya," na glavu hamna. Mshahara ukichelewa yeye ndiye anayekopa nauli ya kuja kumhudumia mgonjwa wako. Nanyi mmesikia migomo yao. Madaktari walikaa nje siku 100, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017, wakidai mapatano yaliyowekwa sahihi mwaka 2013 yatimizwe, na viongozi wao saba wakatiwa gerezani Februari 2017. Mwaka 2017 huo huo manesi waligoma tangu Juni mpaka Novemba. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56, tangu Machi 14 mpaka Mei 8.

Twasema ukweli: katika migomo ile watu wetu walikufa. Waliokuwa na pesa walikwenda hospitali za watu binafsi na za misheni, na wasiokuwa nazo walirudi nyumbani na mgonjwa katika mkokoteni. Hasira ya jamaa hao twaielewa, wala hatutawaambia wanyamaze. Lakini sisi ambao tumepata kuweka panga chini katika miwa kudai haki yetu, twawezaje kusema kwamba mwenzetu hana haki hiyo kwa sababu yeye kazi yake ni kutibu? Twapaswa kumwuliza mwajiri wake kwa nini aliweka sahihi kisha akakaa. Na vyama vya madaktari, manesi na matabibu, navyo twaviomba, kama ndugu kwa ndugu, wakati wa mgomo visiache mlango wa dharura na wa uzazi ukiwa mtupu, na viwaeleze wananchi sababu kabla ya siku ya kwanza, si baada ya maiti ya kwanza.

Basi mwanachama atakayempiga nesi amempiga mfanyakazi mwenzake, naye tajiri akatazama akicheka. Chama hakitamtetea. Na nesi atakayemtukana mgonjwa amemtukana mfanyakazi mwenzake, naye asidhani kwamba kadi ya chama itamficha.

UTARATIBU TUNAOUPENDEKEZA

Twapendekeza kwa matawi yote ya Migori na Homa Bay hatua hizi. Zikateni mzibandike ukutani.

1. Chagueni msemaji mmoja. Mgonjwa akiweza kusema, amchague yeye. Watu kumi wakiuliza, nesi hujibu mara kumi, na kila mmoja husikia neno lake.

2. Muwe na daftari. Andikeni tarehe, saa, jina la mliyemwuliza, jibu alilotoa, dawa iliyotolewa na pesa zilizolipwa. Risiti zote zitunzwe, hata ya sh. 50.

3. Mwulizeni tabibu maswali matano tu: Ana ugonjwa gani? Mtamtibu vipi? Hatari yake ni nini? Gharama yake ni kiasi gani? Na tukingoja au tukikataa, itakuwaje? Msipoelewa, mwombe aseme tena kwa lugha yenu.

4. Msiporidhika, msiruke ngazi. Anzeni kwa nesi mkuu wa wodi, kisha daktari mwenye wodi, kisha mkuu wa hospitali. Mwakilishi wa chama aandamane nanyi katika kila ngazi. Kazi yake si kupiga kelele. Kazi yake ni kuwa shahidi na kuandika.

5. Mkitaka kumhamisha mgonjwa, ombeni barua na maelezo ya matibabu aliyopata. Mgonjwa akihamishwa bila karatasi, hospitali ya pili huanza gizani.

6. Jambo likiwa zito, andikeni barua ya malalamiko, nakala moja ibaki kwenu na mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Afya, kifungu cha 14, yampa mlalamikaji haki ya kujibiwa kwa maandishi katika muda wa miezi mitatu juu ya hatua zilizochukuliwa.

7. Msipojibiwa, ziko ngazi za juu: Baraza la Madaktari kwa makosa ya daktari na hospitali, Baraza la Wauguzi kwa makosa ya nesi, Tume ya Haki ya Utawala kwa uzembe wa ofisi za serikali, na mwisho mahakama. Daftari lenu litakuwa shahidi wenu kila mahali. Pasipo daftari ni neno la maskini dhidi ya faili.

MADAI YETU

Kwa upande wetu chama kinadai haya. Kwa serikali za kaunti za Migori na Homa Bay: bei za huduma zibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili na lugha za watu wa hapa. Kila hospitali iwe na mtu mmoja, mwenye jina na mlango, wa kupokea malalamiko usiku na mchana. Manesi waajiriwe, si kuahidiwa. Kwa hospitali zote, za serikali, za misheni na za watu binafsi: maiti na mtu aliyepona wasizuiliwe, mwenye deni apewe karatasi ya mapatano ya kulipa. Kwa waajiri: makato ya afya yapelekwe kwa wakati, na orodha ya waliolipiwa ibandikwe penye ubao wa kazi kila mwezi. Kwa vyama vya wafanyakazi wa afya: tuketi pamoja. Tukiketi pamoja, wao wakatuambia dawa zimekwisha na sisi tukawaambia tulivyopokelewa mlangoni, ofisi ya gavana itapata barua moja yenye sahihi za pande mbili. Barua ya namna hiyo ni vigumu kuitupa.

Turudi kwa yule mzee wa mfano wetu. Twafikiri usiku ule ungekuwaje kama mwana mkubwa angekuwa na daftari, na kama mwakilishi wa tawi angekuja na thermosi ya chai, akamwambia nesi, "Sista, pole na kazi. Sisi tumekuja kuuliza, hatukuja kugombana." Huenda mzee angekufa vile vile, maana kufa ni kwa Mungu. Lakini wanawe wangejua alikufa kwa ugonjwa gani na lipi lilifanywa. Kama palikuwa na uzembe, wangekuwa na ushahidi wake. Kama hapakuwa na uzembe, wangemzika baba yao bila chuki moyoni. Yote mawili ni haki ya maskini kama ilivyo ya tajiri.

Jumapili hii, ndugu, kabla ya mkutano wa tawi, kila mmoja anunue daftari la shilingi chache aliweke nyumbani. Na katika mkutano tumchague mtu wa hospitali, mwanamume au mwanamke, mpole wa maneno na mwepesi wa kalamu.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI